Usimchoree Mgonjwa Mawingu

Nasikia siku hizi mnaalikwa hospitalini mkiwa mmevaa fulana zenye majina yenu mgongoni. Mnachora kuta za wodi, mnapigwa picha, mnakunywa soda, mnakwenda zenu. Vizuri sana. Sioni wivu, au naona kidogo tu. Lakini juzi mmoja wenu alinijia akaniita lejendi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniita hivyo wakati nilipokuwa na brashi mkononi, nimeona heri niwaambie mambo yalivyokuwa kabla hamjaniiga. Kazi ya kuchorea wagonjwa niliifanya miaka ya tisini, na karibu kila nilichojifunza nilikijifunza kwa kuharibu.

Tuanze na mawingu. Kulikuwa na hospitali ndogo ya kanisa Kawangware, ukikaribia Riruta Satellite, na msimamizi wake alikuwa mtawa mmoja, Sista Imelda, mwanamke mrefu aliyetembea kama aliyeitwa mahali. Aliniomba nipambe wodi ya akina mama wazee. Nikaingia, nikatazama, nikapata wazo ambalo nililiona la kipekee. Kila mtu anachora ukutani, nikajiambia, lakini mgonjwa amelala chali. Anatazama dari! Basi nikapanda ngazi nikachora dari nzima: anga ya buluu, mawingu meupe, ndege weupe, na mwanga wa dhahabu ukitokea pembeni. Shingo iliniuma wiki nzima na sikujali.

Niliporudi asubuhi kupokea sifa zangu niliwakuta wagonjwa wote wamelala ubavu, na waliolazimika kulala chali wamejifunika leso usoni. Bibi mmoja alimshika muuguzi mkono akamwuliza, "Sista, nishafika ama bado niko njiani?" Mwingine alikuwa ameshafunga virago, akisema hospitali imemwonyesha waziwazi inakompeleka. Sista Imelda alitazama dari, akanitazama mimi.

"Marjan," akasema, "nilikuomba uwafariji. Sikukuomba uwasindikize."

Nikapanda ngazi tena na debe la rangi ya krimu.

Mnapaswa kujua kwamba uchoraji sikuusomea. Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, Kibera, na kazi yangu ilikuwa vibao. Ukikuta kinyozi mwenye vichwa vitano ukutani, na vyote vina uso mmoja, uso huo ulikuwa wangu kwa sababu sikujua mwingine. Yule ng'ombe anayecheka juu ya mlango wa bucha huku mwenzake ananing'inia ndani, ni wangu pia. Baa za Kisumu Ndogo nilizichorea chupa zenye povu la kuvutia mno, hata mama yangu, mtu wa swala tano, akawa anapita njia ya mbali asije akaulizwa ni kazi ya mtoto wa nani.

Aliyenifundisha ni Mzee Kariuki wa Kawangware, mtu mfupi, mkali, aliyepima herufi kwa vidole na hakukosea ila siku ambazo alikuwa amepima na kitu kingine, cha chupa. Sheria yake ilikuwa moja: kitu kinachong'aa kiweke katikati, vingine visogee. Mteja anapita mbio, hana wakati wa kutafuta. Sheria hiyo niliishika kama dini, na mtaona ilinifikisha wapi.

Sista Imelda alinipata kwa ajili ya yule ng'ombe. Alikuja kutafuta mtu wa kuandika kibao cha lango, akasimama mbele ya bucha, akaangalia sana. "Kama unaweza kumchekesha huyu, na hali aliyo nayo," akasema, "njoo uwachekeshe wangu." Nikaenda. Nikaingia wodi ya watoto na rangi ya mafuta na chupa ya tapentaini, kama nilivyozoea kandokando ya barabara. Sikuwa nimemaliza hata sikio moja la sungura wodi ilipoanza kukohoa. Baadaye kidogo, akina mama wote walikuwa uani wamebeba watoto na chupa za dripu, na ndani tumebaki mimi na sungura wa sikio moja. Ndiyo maana nawaambia: wodini ni rangi ya maji, madirisha wazi, na harufu uinuse wewe kwanza ukiwa na njaa.

Na kabla ya kushika brashi, lala kwanza kitandani mwa mgonjwa, kikiwa kitupu, uone anachokiona. Mimi nilikuwa nachora nikiwa nimesimama. Picha zangu zote zilikuwa sawa kwa mtu aliyesimama, yaani kwa mtu ambaye hakuwa na haja nazo. Macho nayo yaogopeni sana. Nilimchorea mzee mmoja picha ya mwanamume mzuri akitabasamu, ule uso wangu wa kinyozi, na baada ya siku mbili mzee akaomba kwa heshima huyo bwana aambiwe aangalie upande mwingine. Chakula msichore kabisa. Niliwachorea wanaume sahani ya ugali na samaki mzima, mvuke unapanda, mbele ya vitanda vya wale wanaongoja kupasuliwa na wamekatazwa hata maji. Kandambili iliyorushwa ilinipata sikioni, na nadhani mrushaji alikuwa na haki.

Kwa hiyo nikaacha kujifanya najua, nikaanza kuuliza. Kuuliza si ujinga, ingawa ukichelewa sana kuuliza unafanana nao. Nikawa nakaa kwenye kiti kando ya kitanda na kusema, "Mama, ungependa uone nini?" Na karibu wote, mafundi, wauza mboga, vibarua, walinijibu jambo lile lile: "Nichoree kwetu."

Kwao kulikuwa magharibi ya nchi: Kakamega, Busia, Siaya. Na mimi, wapenzi, sijui ushago, yaani kijijini. Babu yangu aliletwa Kibera akiwa mwanajeshi, akazikwa Kibera, na baba yangu kando yake. Wengine wakipanda basi Desemba kwenda nyumbani, mimi nikitaka kwenda nyumbani navuka mtaro. Hapo ndipo Mungu alipoonyesha ucheshi wake: mtu pekee asiye na kijiji ndiye aliyepewa kazi ya kuchora vijiji vya watu. Nilivichora juu ya vipande vya plaiwudi, navitundika ukutani mbele ya kitanda, na mgonjwa akitoka anaondoka na chake.

Sasa niwaambie habari za Mama Odhiambo.

Mwanawe, Odhiambo, alikuwa muuza makaa Silanga, kijana mpana, mpole, mwenye vidole ambavyo hata Jumapili havikutakata. Alikuwa amemleta mama yake kutoka Siaya kwa ajili ya uvimbe tumboni. Daktari alisema utoke, na utoke upesi, lakini mama alikuwa amedhoofika mno kuweza kupasuliwa. Ale kwanza, apate nguvu. Na mama hakutaka kula. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba atakufa, na kilichomuudhi kilikuwa mahali tu. Alilala ameupa ulimwengu mgongo. Odhiambo alikuja kila siku na uji wa wimbi na samaki, na kila siku akarudi navyo.

"Buda," aliniambia nje ya wodi, "mathe amekataa kula. Dakitari anasema hawezi mpasua akiwa hivyo, na tukikawia atatuacha. Mchoree home. Labda ataona kuna kitu ya kurudia."

Alinieleza boma lao vizuri kabisa. Kosa halikuwa lake hata chembe. Alisema nyumba ya mama yake, ya nyasi, iko juu inatazamana na lango, na nyumba ya mke wa pili, ya mabati mapya, iko pembeni. Nikaitikia. Nikaenda kuchora. Na nilipofika kwenye plaiwudi nikaona mabati yanang'aa na nyasi zimechoka, na sauti ya Mzee Kariuki ikanijia masikioni: kinachong'aa, katikati. Basi nikayaweka mabati katikati yakitazama lango, na nyumba ya nyasi nikaisogeza pembeni, jirani na zizi, ili picha ipendeze. Hata nikarudi nyuma hatua kadhaa nikajipongeza.

Ambaye si Mjaluo huenda asione ubaya wowote. Mimi sikuuona. Lakini kwao, nyumba inayotazama lango ni ya mke wa kwanza, na huyo ndiye mama wa boma. Hapahamishwi. Mume anaweza kuoa wa pili na wa tano, mabati yanaweza kuja na kung'aa yatakavyo, pale pana mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemwondoa mama wa watu kwenye kiti chake, nikampa mke-mwenza, kisha nikamweka yeye na ng'ombe.

Nilitundika picha. Odhiambo akainama. "Mama, geuka uone. Dala, nyumbani kwetu."

Akageuka polepole. Akafungua jicho moja. Likakaa pale kwenye plaiwudi muda mrefu. Likafunguka la pili. Kisha yule mama, ambaye hatukuwa tumemwona akiinua kichwa, akajiinua kwa kiwiko. Nikamkonyeza Sista Imelda, aliyekuwa amesimama mlangoni, nikidhani ni furaha.

"Odhiambo," akasema. "Nyumba yangu imevunjwa?"

"Hapana, mama."

"Mimi sijakufa na mumenihamisha? Kwa ng'ombe? Na huyo mwanamke ndiye anaangalia lango?"

Odhiambo aliitazama picha, akanitazama. "Buda," akanong'ona, "umeniua."

"Nani alichora hii kitu?"

Wodi nzima ikanyoosha vidole kwangu, hata wale waliokuwa na mikono kwenye plasta.

"Wewe!" akasema. Akatafuta la kuongeza, akaishiwa na pumzi. Akaona kwamba ana hasira kubwa kuliko nguvu alizo nazo, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo. Akanyoosha mkono kwa mwanawe. "Lete hiyo uji."

Aliunywa wote, akinitazama juu ya kikombe, halafu akaniambia alichokuwa anataka kuniambia. Sitawarudishia maneno yale. Odhiambo aliketi chini akalia kwa furaha, nami nikasimama pale natukanwa na kushukuriwa kwa wakati mmoja, nisijue nifanye uso gani.

Kuanzia hapo nilikuwa na mwalimu. Kila nilipofika alikuwa amejikalisha ananingoja. Nikairudisha nyumba yake mahali pake, lakini ghala nikaliweka vibaya. Nikalihamisha ghala, njia ya kisimani ikapita katikati ya shamba. Msidhani nilifanya makusudi! Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa na hekima hiyo, ila kweli sikujua.

"Wewe ni fundi gani hujui ghala inakaa wapi?" aliniuliza.

"Mama, mimi ni mtu wa Kibera."

"Kibera watu hawakuli? Mahindi munaweka wapi?"

"Dukani."

Alicheka mpaka akashika tumbo, na wagonjwa wenzake wakacheka, na nikafurahi sana, ingawa mimi ndiye niliyekuwa kichekesho. Vitanda vyote vikawa na maoni. Mama mmoja wa Busia alidai kuku ni wadogo mno, mwingine akasema jua linatua pabaya. Nao walikula huku wakibishana. Mama Odhiambo akamaliza uji, akamaliza samaki, akaanza kulalamika kwamba ugali wa hospitali ni laini. Daktari akampima, akaridhika, akapanga siku.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sista Imelda alinisifu mbele ya watu, na mimi nikaamua kumpa mama zawadi. Siku moja kabla ya kupasuliwa nikakaa na Odhiambo, nikamwuliza kila kitu, nikarekebisha kila kitu. Ghala, kisima, njia, rangi ya mlango, jiwe ambalo mama hukalia akichambua mboga. Kwa mara ya kwanza maishani nikachora kitu ambacho hakikuwa na kosa. Nikakitundika.

Aliitazama kwa muda mrefu. Nikangoja matusi.

"Sasa hii ni kwangu," akasema. "Imeisha. Asante, mwanangu."

Hakuwa ameniita mwanawe hata siku moja. Nilikuwa "wewe" au "huyu Nubi." Akavuta leso juu ya mabega, akageukia ukuta. Chakula cha mchana kikaja, hakukigusa. Odhiambo alishika sahani mpaka ikapoa. Na mimi nikaelewa nilichokuwa nimefanya, safari hii bila hata wingu moja. Nilikuwa nimemrudisha nyumbani. Ameona, ameridhika, ameaga. Sikulala vizuri, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Asubuhi nilifika na kopo na brashi bila kujua ninakwenda kufanya nini. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshaletwa. Mama alikuwa anazungumza na mwanawe kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, ya utulivu, na Odhiambo anaitikia huku anafuta macho kwa mkono mweusi. Baadaye aliniambia alikuwa anaelezwa ni nguo gani avalishwe. Mimi sikuhitaji kuelezwa, sauti ilitosha. Nikaogopa. Nikachovya brashi, na kwa kuwa kichwani hamkuwa na kitu kingine chochote, mkono ukachora kilicho chepesi kwake. Ulichora mbuzi. Mbuzi wa bucha, nduguye yule ng'ombe wangu, anacheka meno yote, amesimama juu ya paa la nyumba ya nyasi.

"Mama, samahani," nikasema. "Kuna kitu nilisahau."

Akageuza kichwa. Akakaza macho.

"Hiyo ni nini?"

"Mbuzi."

"Anafanya nini kwa nyumba yangu?"

"Anakula nyasi."

Uso wake ulikunjamana, na nikamshukuru Mungu kwa kila kunjo. "Anakula paa? Paa yangu? Toa yeye!"

"Simtoi, mama. Mimi ni mtu wa Kibera, sijui mbuzi wenu hufungwa wapi. Nitamtoa ukirudi unionyeshe."

"Toa yeye sasa!"

"Ukirudi."

Sista Imelda, ambaye alikuwa na akili kuliko sisi wote, akasukuma kitanda. Mama alipelekwa kwenye ukumbi wa upasuaji akipiga kelele kwa Kijaluo, na sauti yake tuliisikia mpaka mlango ulipofungwa.

"Anasema nini?" nikamwuliza Odhiambo.

"Anasema akipata nyasi imeisha, atakukula wewe."

Tukakaa kwenye benchi. Odhiambo aliomba kwa njia yake, nami kwa yangu. Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada ya siku hiyo. Nilifikiri, kama mama huyu hatatoka, basi kitu cha mwisho alichokiona duniani ni mbuzi anayecheka akiangamiza nyumba yake, na aliyemchora ni mimi. Alikuwa tayari ameaga vizuri, kwa amani, na nilikuwa nimempokonya hata hiyo amani. Nilitamani nikimbie nikamfute yule mnyama, lakini nikabaki pale pale kwenye benchi. Odhiambo hakunilaumu. Alinishika goti akaliacha na alama ya makaa.

Walimtoa alasiri. Alikuwa mdogo sana chini ya shuka, midomo imekauka, macho yamefungwa. Daktari akasema tungoje tuone. Tukangoja. Kisha midomo ikacheza. Odhiambo akainamisha sikio mpaka karibu na mdomo wake, akakaa hivyo, halafu akajifunika uso kwa kofia na mabega yakaanza kutikisika. Nikajua imekwisha. Nikaanza kusema inna lillahi.

"Hapana, buda," akasema, na alikuwa anacheka na kulia. "Anauliza kama amemaliza nyasi."

Alipona polepole, kwa kelele. Siku ya kuondoka, Odhiambo alileta gunia safi la kufungia picha, maana basi la Siaya lilikuwa linawangoja jioni. Mimi nikaleta kopo la rangi ya nyasi ili nitimize ahadi. Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu, kitambaa kichwani. Nikachovya brashi nikaipeleka kwenye paa, na ilikuwa karibu kumgusa yule mbuzi aliponishika kifundo cha mkono.

"Wacha yeye," akasema. "Huyo aliningoja."

Nikairudisha brashi ndani ya kopo, nikamsaidia Odhiambo kufunga gunia.